Moja ya Tano

Jumapili, 3 Machi

Kasuku wangu, binti wa kaka,

Habari za huko uliko? Mimi huku ni mzima. Kiuno kinalalamika kila asubuhi, lakini mimi nacho tumeshazoeana. Mkono ni ule ule. Vile vidole viwili vilivyobaki vimejifunza kazi ya vitano. Juzi nimefunga vifungo vya blauzi mwenyewe, vyote, nikakaa kitandani nikacheka peke yangu kama mwehu. Jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Wewe je? Unakula? Usinijibu kwamba unakunywa chai. Chai si chakula.

Nakuandikia kwa sababu haya si maneno ya simu. Kwenye simu unanikatiza kabla sijameza mate. Ndiyo maana tulikuita Kasuku tangu hujaota meno ya mbele.

Fidia imetoka. Huu ni mwaka wa tatu tangu mashine ya kunyoosha mashuka inikamate mkono pale kiwanda cha dobi, na kinga yake ilikuwa imeng'olewa ili tufanye kazi haraka. Mwaka wa tatu! Bima wamelipa, tena wamelipa vizuri. Bosi wako, yule wakili wetu, alinipigia mwenyewe, akaniita ofisini. Nikavaa lile gauni la mahafali yako.

Alinipokea kwa heshima zake zote. Ana ile tai yake ya kipepeo, ya samawati safari hii. Akaagiza soda. Akaniambia, "Mama, tumeshinda." Nikamshukuru kwa moyo wangu wote, maana mwanangu, yule bwana alifanya kazi. Bima walipotaka kunilipa za kununulia kitambaa cha kufutia machozi, yeye ndiye aliyewagomea. Hilo silisahau.

Kisha akanisogezea karatasi niweke saini. Nikaisoma. Nikairudia. Kiasi changu kilizidi nusu kidogo tu, kilichobaki chote ni chake. Nikasema, "Wakili, tulikubaliana moja ya tano." Akatabasamu. "Mama, hiyo ilikuwa ada ya mwanzo. Kesi ilikuwa ngumu, ada ikapanda. Na kuna gharama." Nikauliza gharama gani. Akasema, "Za ufuatiliaji." Nikauliza zilifuatilia nini. Hapo soda ikaisha gesi.

Sikusaini. Niliondoka bila hundi, nikatembea mpaka nyumbani kwa mguu ili hasira ishuke.

Wewe ndiye uliyenipeleka kwa watu hawa, na ni kazi yako. Niambie ukweli. Kama mimi ndiye sikuelewa, nitarudi nimwombe radhi mbele ya makarani wake wote. Kama nimeelewa, niambie pia.

Shangazi yako


Jumatatu, 11 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na ninakula. Nimefurahi kuhusu vifungo mpaka nikamwonyesha karani wangu ile sehemu ya barua, naye akapiga makofi.

Shangazi, hukukosea. Ada ni ile iliyo kwenye mkataba uliosaini: moja ya tano ya fidia. Usingelipwa, nasi tusingelipwa. Gharama ni kitu kingine, na zipo za kweli: ripoti ya daktari, ada za mahakama, nauli ya shahidi. Hizo mteja hulipa, lakini kila moja ina risiti yake. "Ufuatiliaji" si risiti.

Ukweli ndio huo. Sasa niruhusu niseme jambo la pili, nalo ni gumu kwangu.

Mwezi wa sita natarajiwa kukabidhiwa hili tawi. Bosi ameniahidi. Nitakuwa na ofisi yenye dirisha, na jina langu mlangoni. Shangazi, yule mzee ndiye aliyenichukua nilipokuwa na cheti tu na viatu vya kuazima. Kila ninachokijua cha mahakamani nimekipata kwake. Siwezi kuamka asubuhi moja nikamgeuka.

Naomba uchukue hiyo hundi kwanza. Saini, uanze maisha. Tofauti yote nitakulipa mimi kutoka kwenye mshahara wangu, kidogo kidogo, kila mwezi. Hutapoteza hata senti. Nimeshapiga hesabu, inawezekana.

Tafadhali usikasirike.

Mwanao, Kasuku


Jumatatu, 18 Machi

Kasuku,

Marahaba. U mzima, nimefurahi. Nami mzima.

Nimekasirika.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma tena nikiwa natembea uani, na kila mara ilikuwa mbaya zaidi. Yaani mtu achukue changu, halafu unilipe wewe? Mwanangu, hapo atakuwa ametuibia wawili kwa mkono mmoja, na wewe ndiye utakuwa umemshikia mfuko.

Nilifua mashuka ya watu miaka ishirini na kitu. Ulilala ndani ya kikapu cha mashuka ulipokuwa mdogo, kaka yangu alipofariki na sikuwa na wa kukuachia. Wasimamizi walikuona wakajifanya hawajaona, kwa sababu nilikuwa nakunja mashuka kama watu wawili. Sijawahi kuchukua hata foronya ya mtu. Na sijawahi kumwachia mtu changu. Yote mawili nayaonea fahari, na siwezi kukuambia ni lipi zaidi.

Sikiliza nilichofanya. Nilikwenda mahakamani, kwenye dirisha lile la malalamiko ya ada. Karani akaniuliza, "Wakili wako nani?" Nikamtajia. Akaandika. Akauliza, "Na unayemlalamikia nani?" Nikasema, "Huyo huyo." Aliinua kichwa akanitazama mara ya kwanza. Akasema, "Keti, mama. Chukua kiti hiki, kile kimevunjika."

Nimeandika kwa kifupi. Nimesema: moja ya tano yake nitampa yote, tena kwa mikono miwili, ninavyoweza kuiita mikono miwili. Alifanya kazi, kazi ina malipo. Gharama zenye risiti nazo nitalipa. Kinachobaki ni changu. Basi.

Kuna jambo ambalo hulijui. Mwenzangu tuliyekuwa tukisimama naye mashine moja, yule mrefu anayesikia kwa taabu, mvuke ulimwunguza miguu mwaka uliofuata ajali yangu. Na yeye alikwenda kwa bosi wako kwa sababu mimi nilimsifia. Alipewa karatasi kama yangu, akasaini. Alidhani ndivyo mambo yalivyo. Nikimwachia mimi niliyesoma mpaka darasa la nane na nina mtoto mwanasheria, atakayefuata baada yetu atafanya nini?

Wewe kaa huko. Usije, usiandike kitu, usiseme neno. Huyu ni wangu, nitapambana naye mwenyewe. Ofisi yenye dirisha umeitafuta kwa jasho, sitaki uikose kwa sababu ya vidole vyangu.

Na ule mshahara wako, kula.

Shangazi yako


Alhamisi, 2 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima. Umenyamaza tangu katikati ya Machi. Simu yako inaita mpaka inachoka. Kasuku akinyamaza, mwenye nyumba huangalia kama tundu liko wazi. Nimewahi kukwambia usiseme neno, lakini sikumaanisha kwangu.

Juzi tulikuwa na kikao cha kwanza. Ni chumba kidogo tu, si kama nilivyodhani. Feni moja, meza ndefu, na msajili wa mahakama ni mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Bosi wako alikuja na vijana wawili waliombebea mafaili. Tai ilikuwa nyekundu.

Msajili alimuuliza, "Mkataba unasema moja ya tano. Nyongeza imetoka wapi?"

Akasimama, akasafisha koo. Akasema mteja alielezwa kwa mdomo kwamba ada imepanda, na mteja akakubali. "Alielezwa na nani?" Akasema, "Na mwanasheria wa ofisi yetu. Tena, mheshimiwa, ni mtoto wa kaka yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyempigia simu."

Kasuku, moyo wangu ulitoka mahali pake ukarudi.

Msajili akanigeukia. "Mama, ni kweli?" Nikasema, "Si kweli." Akauliza, "Basi tumwite huyo mwanasheria aseme?" Nikasema, "Hapana. Mwacheni mtoto. Neno langu linatosha." Yeye akavua miwani, akasema taratibu kabisa, "Mama, neno lako na la wakili yanapishana. Mimi sikuwepo. Lazima nipate la tatu." Akapanga tarehe, ishirini na tisa mwezi huu. Bosi wako akasema ataleta hati yako ya kiapo, iliyosainiwa. Alisema kwa uhakika, kama mtu anayekwenda kuchukua nguo zake kwenye kamba.

Sikuulizi kama umesaini. Sitaki kujua. Kama umesaini, nitaelewa, na utabaki kuwa mwanangu, na sikukuu zijazo utakuja tutakula, na sitaligusa jambo hili mpaka nazikwa. Nakwambia hivyo mapema ili usije ukakosa usingizi.

Ila nasema na hili: usije. Nilishasema na narudia.

Shangazi yako anayekupenda


Alhamisi, 9 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimepata barua yako. Niko salama, sijaugua, na mlango wa tundu umefungwa.

Bosi alikuja huku mwenyewe kwa gari, mwezi uliopita. Aliniletea funguo za ofisi yenye dirisha, akaziweka juu ya meza, na pembeni yake akaweka karatasi ya kiapo. Hakunilazimisha. Alisema tu, "Soma, ukiwa tayari niletee." Vyote viwili bado viko mezani kwangu. Sijavigusa. Ninaandika nikivisogeza kwa kiwiko.

Sina zaidi la kusema kwenye barua. Nisamehe kimya changu. Nakupenda.

Mwanao


Alhamisi, 30 Mei

Kasuku wangu, mwanangu, wakili wangu,

Umefika salama? Umekula njiani? Ulikimbilia basi kama mtu anayefukuzwa, hata kukukumbatia sikukumbatia sawasawa, nilishika begi zaidi kuliko nilivyokushika wewe.

Najua ulikuwepo jana. Lakini hukukaa nilipokaa mimi, na hukuona nilichokiona. Kwa hiyo nakusimulia, na wewe usinikatize.

Tuliingia asubuhi. Bosi wako alikuwa ameshakaa, tai ya kijani. Msajili akauliza iko wapi hati ya kiapo. Akasema inakuja, mwanasheria wake anaileta. Mimi nikainamisha kichwa. Nikasema moyoni, basi, amesaini. Nikaanza kujipanga nitakavyosema sikukuu ukija, nijifanye sijui kitu.

Mlango ukafunguliwa, ukaingia wewe na joho lako mkononi.

Unajua kitu cha kwanza nilichohisi? Hasira! Nilisema, mtoto huyu hasikii, hajawahi kusikia, nimemwambia mara ngapi asije. Nilikutolea macho. Wewe hukunitazama hata kidogo. Ulikwenda moja kwa moja mbele ya msajili, ukasalimia, ukaweka juu ya meza ile karatasi isiyo na saini, na juu yake ukaweka funguo.

Msajili akauliza, "Hizi funguo za nini?"

Ukasema, "Za ofisi niliyoahidiwa, mheshimiwa. Nazirudisha kwanza ili nikisema, isemwe nimesema nikiwa sina cha mtu."

Mwenzangu yule mrefu alikuwa amekaa nyuma yangu, akanigusa bega akaniuliza kwa sauti yake ile kubwa, "Amesema nini? Amesema nini?" Nikamwambia nyamaza, nitakwambia.

Msajili akakuapisha. Akakuuliza, "Ulimpigia simu mlalamikaji kumweleza kwamba ada imepanda?"

"Sikumpigia."

"Uliagizwa umpigie?"

"Niliagizwa. Nikamjibu bosi wangu kwamba mkataba ni mkataba. Akasema tutaona mbele ya safari."

Bosi wako akasimama. Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniuma, alisema kama baba. "Binti, unajua unachofanya?"

Ukamgeukia. Ulimwita mzee. Ukasema, "Najua, mzee. Siku ya kwanza ofisini kwako ulinikalisha ukaniambia fedha ya mteja ni ya mteja hata ikiwa mfukoni mwako. Nimeishi na neno hilo. Leo nakurudishia."

Mwanangu. Nimesimama mbele ya mashine ya moto nusu ya maisha yangu. Nimefiwa na kaka. Nimelala hospitali nikiangalia bandeji nikihesabu kilichomo na kisichokuwamo. Sikulia. Jana niliona chozi likidondoka juu ya meza ya serikali nikashindwa kulifuta, maana mkono mzuri ulikuwa umeshika ule mbaya.

Msajili akaniuliza, kwa ajili ya kumbukumbu, "Mama, huyu ni nani kwako?" Nilitaka kujibu kisheria, mtoto wa kaka. Mdomo ukasema, "Mwanangu." Akaandika. Limo humo sasa, kwenye karatasi za mahakama.

Uliondoka kabla ya uamuzi, basi nikupe. Ada ni moja ya tano, kama mkataba. "Ufuatiliaji" wote amefuta. Gharama zenye risiti nimeambiwa nilipe, pamoja na ile ripoti ya daktari wa pili niliyokuwa nabishia. Nilidhani yule daktari alikuwa wa bima, kumbe tulimwita sisi. Hapo nilikosea mimi, na niliwaambia nimekosea, na nimelipa. Hundi nimeipata leo. Msajili pia amewaita wote waliosaini karatasi kama yangu walete malalamiko yao. Ametoa tangazo ubaoni. Mwenzangu amelisoma mara tatu.

Kwenye korido bosi wako alikuwa akirekebisha tai yake kwenye kioo cha dirisha. Aliniona. Akasema, "Mama, umenipotezea mwanasheria mzuri." Nikamwambia, "Umempoteza mwenyewe, wakili. Mimi nilikuletea mzima." Kisha nikampa mkono, nikamshukuru kwa kazi aliyoifanya kwa bima. Akaupokea. Alikuwa ameinamisha macho.

Nikatoka nje. Nimemwambia mlinzi wa mahakama kwamba yule aliyekuja na joho ni mwanangu. Nimemwambia muuza matunda. Nimemwambia kondakta, ambaye hakuuliza. Nimekwenda mpaka geti la dobi wakati wa kubadilishana zamu nikawaambia wote waliokuwa wanatoka na wote waliokuwa wanaingia. Mlinzi wa geti, kwa lile jina langu la kiwandani, akasema, "Kamanda, leo umelewa?" Nikamwambia, ndiyo, na kilichonilevya dukani hakiuzwi.

Niandikie upesi uniambie umefikia wapi. Ukikosa kazi, chumba chako kiko. Nimeshakifagia.

Mama yako, Shangazi


Alhamisi, 8 Agosti

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa nasubiri niwe na habari nzuri, na zilichelewa pia.

Bosi hakunifukuza kwa maneno. Alimtuma kijana mmoja akabadilisha kitasa. Vitu vyangu niliviona kwenye boksi nje ya mlango, vimepangwa vizuri, na juu yake kaweka kile kitabu cha sheria alichokuwa akinisomesha nacho, chenye jina lake ndani. Sijui kama alisahau au alinipa. Nimekiweka rafuni.

Nimepanga chumba juu ya duka la kunakili karatasi. Mashine zikiwaka chini, meza yangu inatetemeka, wateja wanadhani naitikisa kwa hasira. Nina viti viwili na kabati moja. Jina nimeliandika mwenyewe mlangoni kwa kalamu ya wino mzito, likapinda mwishoni, nikaliacha.

Na watu wanakuja, shangazi! Tangazo la msajili limesambaa mpaka huku. Wanakuja wa kiwanda cha matofali, wa machimbo ya kokoto, dereva mmoja aliyekatwa mguu. Nimepata fidia mbili tayari. Nilisimama mbele ya mawakili wa bima wanne, mimi peke yangu, wakanipandishia kiwango mara tatu katika asubuhi moja. Natamani ungekuwepo. Nilifungua mdomo nikamsikia bosi akizungumza, kisha nikakusikia wewe, kisha mwishowe nikajisikia mwenyewe.

Ila kuna jambo. Sijatoza mtu.

Mteja akiniuliza, "Ada yako kiasi gani?" naanza kutafuta kalamu. Nakuona wewe na ile karatasi na ile soda. Nasema, "Tutaona," na tukishamaliza nasema, "Nenda tu, mama, nenda tu, baba." Wanaondoka wakiniombea heri. Kodi ya mwezi uliopita nimelipa kwa kuuza saa. Ya mwezi huu mwenye nyumba ameshanikumbusha ngazini mara mbili. Karani aliyenifuata kutoka kwa bosi, yule aliyepiga makofi kwa ajili ya vifungo, anafanya kazi bila mshahara na anasema hana haraka, lakini viatu vyake vinasema ana haraka.

Niliapa sitakuwa kama bosi. Naona nimetimiza, lakini najiuliza kama ndivyo nilivyomaanisha. Wewe unaonaje?

Mwanao, Kasuku


Jumatano, 21 Agosti

Kasuku wangu,

Barua hii nimeituma kwa mkono. Anayekukabidhi ni mwenzangu yule mrefu wa dobi. Mpishe kiti, amesafiri tangu alfajiri na miguu yake haitaki ngazi. Soma kwanza mpaka mwisho, yeye atasubiri, nimemwambia.

Mimi mzima. Kwa sehemu ya fidia nimenunua mashine mbili za kufulia, nimeziweka chumba cha mbele. Wawili nimewaajiri, na kinga za mashine hazing'olewi, hata haraka iwe ya nani. Bei ninayotoza ni ile iliyoandikwa ukutani. Jana mke wa jirani ameniomba nimfulie bure kwa ujirani. Nimemfulia. Kisha nimemwonyesha ukuta.

Umeniuliza naonaje. Naona umepata ujinga mpya, na mkubwa kuliko wa kwanza, maana huu umevaa nguo za wema.

Mwanangu, mimi sikumshtaki yule bwana kwa sababu alitoza. Ningeona aibu kumshtaki mtu kwa kulipwa. Moja ya tano yake nilimhesabia mwenyewe mezani, na niliihesabu kwa raha, kwa sababu nilikuwa najinunulia haki kutoka kwa fundi aliyeijua kazi. Nilimshtaki kwa ile iliyozidi. Wewe umeona shimo upande mmoja wa njia, umekimbia ukatumbukia la upande wa pili.

Anayefanya kazi bure leo, kesho amefunga mlango, na kesho kutwa yule dereva mwenye mguu mmoja anapanda ngazi anakuta kufuli. Halafu atakwenda kwa nani? Kwa mwenye tai. Na huyo karani wako, unamla yeye badala ya mteja. Hapo huruma iko wapi?

Ulisimama mbele ya mtu aliyekulea kazini ukamwambia fedha ya mteja ni ya mteja. Basi maliza sentensi. Fedha ya wakili ni ya wakili. Iseme ukiwa umekaa wima, isome kwenye mkataba kabla hawajauliza, na kama wanataka kulia, walie kabla ya kusaini, si baada.

Nilikulea ujue thamani ya shuka lililonyooshwa vizuri. Nina fahari na wewe mpaka watu wananikwepa njiani wasisikie tena ile hadithi. Siwezi kukubali mtoto ninayemwonea fahari hivyo ajifanye hana bei.

Sasa huyu uliye naye mbele yako. Alisaini ile karatasi, na msajili amekubali kusikiliza lalamiko lake, anahitaji wa kumsimamia. Msomee masharti polepole, na kwa upande wa kulia. Sikio la kushoto liliharibiwa na kelele za mashine. Msomee yote, hata yanayochosha. Akisema ameelewa, mwambie akurudishie kwa maneno yake.

Halafu mtoze. Moja ya tano, kama watu wote.

Atakwambia mimi nimesema umpunguzie kwa kuwa ni ndugu. Sijasema.

Shangazi yako